Mkwe Nyuma ya Pazia

Siku ya tano baada ya matanga ya mke wangu, shemeji yangu Bernadette alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko langu, akichambua maharagwe ambayo hakuna aliyemwomba ayapike. Bila kuinua macho akaniuliza kama ni kweli kwamba mwaka ule nilimwekea baba yao pazia hospitalini. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, nikakiweka chini kwenye saruji. Miaka yote hiyo niliamini kwamba, zaidi ya wazazi wao, hakuna wa nyumba yao anayejua habari ya pazia. Nikamwambia ndiyo, niliweka. Akaendelea na kazi yake, mawe upande huu, maharagwe upande ule, kisha akaniambia jambo jingine ambalo nitaliandika mahali pake. Tangu siku hiyo silali vizuri. Hofu niliyodhani nimeiacha nikiwa na umri wa miaka ishirini na minne imerudi, inakaa nami katika nyumba hii ambayo sasa ina kitanda kikubwa kuliko mahitaji yangu. Habari za ukoo wangu sitazisimulia. Nilizaliwa, mapadre wakanisomesha, nikapata kazi ya uuguzi, na hayo yanatosha.

Ilikuwa Élisabethville, mji wa Katanga chini ya Wabelgiji, miaka ya hamsini, na hospitali zilikuwa mbili, ya wazungu na yetu. Mimi nilifanya kazi kwetu, katika pavilioni ya wanaume, chumba kirefu chenye vitanda ishirini na vinne vya chuma, harufu ya kreolini, na madirisha ambayo hatukuyafungua upepo ulipoleta moshi wa kiwanda. Saa tano chakula kilipita kwenye toroli, bukari, ugali wetu, na maharagwe, Ijumaa bukari na samaki mkavu, na wagonjwa walikula wakiwa wamegeukia ukuta, kila mtu na sahani yake, kwa sababu kula mbele ya watu usiowajua kuliwatia aibu. Mwisho wa chumba, karibu na mlango wa bafu, ndipo walipolala wazee wasioweza kukojoa. Kila mmoja alikuwa na mpira wa mkojo ulioingia kwenye chupa iliyofungwa chini ya kitanda, na wagonjwa wenyewe wakapaita mahali pale Kona ya Machupa. Ukikaa kimya uliweza kusikia matone yakianguka. Mtu aliyehamishiwa kona hiyo alinyamaza siku mbili nzima, kisha akaanza kutania kama wengine, maana hapakuwa na jambo lingine la kufanya.

Baadhi ya wazee hao walikuwa na saratani ya tezi dume, ile tezi ndogo iliyo chini ya kibofu. Tulipowapokea, mara nyingi ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia mifupani, na walitembea wakishika kiuno kama watu waliobebeshwa gunia. Kuwaponya ilikuwa haiwezekani. Lakini madaktari wa wakati ule walijua kwamba ugonjwa huo unalishwa na nguvu inayotoka katika mapumbu ya mwanamume, na ukiyaondoa, unalala, maumivu yanapungua, mtu anapata mwaka, miwili, pengine zaidi. Daktari wetu, Mbelgiji mrefu aliyetazama viganja vyake kila aliposema jambo zito, hata wagonjwa wakamwita Bwana Mikono, alifanya upasuaji huo vizuri. Hakujua Kiswahili zaidi ya cha kuomba maji. Alisimama mguuni pa kitanda, akasema Kifaransa chake, akaenda, na sisi waafrika wawili tuliovaa koti jeupe tulibaki kumweleza mgonjwa. Mwenzangu mkubwa, Anaclet, aliyefanya kazi pale kabla mimi sijamaliza shule, alikuwa na sentensi moja kwa wagonjwa wote wa kona ile, nami akanifundisha wiki yangu ya kwanza: Docteur atatengeneza njia ya mukojo, utapona. Nilipomuuliza kwa nini hatuwaambii kitakachokatwa, alinitazama kwa huruma. “Ukimwambia mingi atakimbia,” alisema, “na docteur atauliza weye.” Sentensi yake haikuwa uongo kamili. Njia ya mkojo ilitengenezwa kweli, na katika mila za wazee wale, kijana kumtajia mtu mzima sehemu zake za siri ni utovu wa adabu. Kwa hiyo tuliwaficha, na tukajiona tuna heshima.

Mwezi wa sita, kwenye baridi ile inayofanya asubuhi za Katanga ziwe na moshi mdomoni, alikuja Mzee Kalenga, aliyefunga breki za treni miaka mingi. Alikuwa mcheshi. Aliniita Mukubwa wa Machupa, akanishauri niombe serikali inipe nishani. Nilimpa sentensi ya Anaclet kwa pumzi moja, akaitikia, akapelekwa, akarudi. Siku ya tano baada ya upasuaji tulimtoa bandeji na kumruhusu aoge mwenyewe. Nilikuwa nje ya bafu nimeshika taulo. Maji yalimwagika kidogo, yakasimama. Kisha akaniita kwa jina langu, si kwa lile la utani.

“Donat, bile bintu byangu biko wapi?”

Nilimjibu kwa Kifaransa. Mpaka leo sijui kwa nini. Mzee yule hakujua Kifaransa zaidi ya amri za treni, nami nikasimama mlangoni namweleza kwa lugha ya daktari mambo ambayo nilipaswa kumweleza kwa lugha yetu wiki moja kabla. Hakupiga kelele. Alivaa nguo zake akiwa na nyuzi mwilini, akapita katikati ya vitanda vyote ishirini na vinne bila kumuaga mtu, akaenda zake. Kesho yake kitanda kilikuwa na mgonjwa mwingine.

Wiki mbili baadaye nilianza kusikia neno. Kila mtu wa Élisabethville wa rika langu analijua: batumbula, watu weusi waliosemekana kulipwa na wazungu ili wawakamate wenzao, wawapeleke kusikojulikana, wakaliwe au wakatwe viungo. Mimi niliyesoma niliwacheka walioamini hadithi hizo. Lakini siku moja sokoni mwanamke aliyekuwa akiuza samaki mkavu alimvuta mwanawe nyuma ya kanga yake nilipokaribia, na nilipoondoka nikasikia nyuma yangu, wazi kabisa, mutumbula wa hospitali. Kuanzia hapo watoto wa mtaa wetu wa Kamalondo walinyamaza nikipita na baiskeli, kisha wakakimbia. Nilijua watu huweza kumpiga mtu mpaka afe kwa neno hilo moja. Nikaacha kupita njia za mkato, nikaacha kwenda kunywa munkoyo, pombe yetu nyepesi ya mahindi, Jumapili. Kilichonitisha kuliko vyote ni kwamba sikuweza kusema wanakosea. Nilimpeleka mtu mahali, akakatwa kitu chake bila kujua, na mwisho wa mwezi nikapokea mshahara. Mutumbula hufanya nini zaidi ya hapo?

Katika hofu hiyo, siku moja Bwana Mikono alinichukua nimbebee sanduku la vyombo kwenda hospitali ya wazungu. Akaniambia nisubiri ukumbini, mbele ya mlango uliokuwa haukufungwa sawasawa. Ndani alikuwa na injinia mmoja mzee na mkewe. Ukumbi ulikuwa na sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe na kiti cha mkeka ambacho sikuthubutu kukikalia, nikasimama na sanduku mikononi nusu saa nzima, nikasikiliza. Ugonjwa wa injinia ulikuwa uleule wa Kalenga. Daktari alimweleza polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwetu. Kuna njia ya kisu, alisema, ni ya mara moja, maumivu yanapungua upesi, lakini kisichokuwepo hakirudi. Kuna vidonge, kazi yake ni ileile, ila matiti yatavimba na kuuma kama ya msichana, miguu itajaa maji, moyo unaweza kuchoka, na lazima uvimeze kila siku bila kukosa. Kwa njia zote mbili mambo ya ndoa yatakwisha. Au unaweza kubaki na mpira wako tu na kungoja, na hapo maumivu yataongezeka. Yule mke aliuliza maswali, akajibiwa yote. Mwisho daktari akawaambia waende nyumbani, wafikirie, warudi Jumatatu. Nilimbebea sanduku kurudi garini, nikihesabu moyoni. Njia zilikuwa tatu, na sisi tulikuwa na sentensi moja.

Mwezi wa nane ndipo alipoletwa Tata Numbi, tata likiwa neno letu la kumheshimu mzee. Alikuwa mashinisti, dereva wa treni, aliyestaafu, mtu wa kaskazini, Mkatoliki wa kuhudhuria misa ya alfajiri, mkali, mkimya. Na alikuwa baba wa Marceline, msichana niliyekuwa nimemposa mwezi wa nne. Mshenga wangu alikuwa amekwisha kupeleka zawadi za kwanza, vitenge viwili na blanketi, na zilipokelewa. Tangu siku hiyo mimi na mzee tulikuwa wakwe, na ukwe wa watu wale haukuwa mchezo. Sikuruhusiwa kumtazama usoni wala kula mbele yake. Nikimwona barabarani nilipita upande mwingine, na nikiwa na neno nililituma kwa mshenga. Kumtajia mkwe mwili wake kulikuwa sawa na kumvua nguo sokoni, na uchumba ungeweza kuvunjika kwa hilo peke yake. Jioni moja kabla ya baba yake kuingia hospitalini, Marceline alinisubiri kwenye ua wa miti ya manyara karibu na kwao. Alishika tawi, akafungua mdomo, akaufunga, akaniuliza kama nimekula. Nilidhani anaogopa ugonjwa wa baba yake.

Bwana Mikono alimpima mzee, akapiga mgongo wake kwa vidole, akatazama viganja vyake, akasema atapasuliwa Alhamisi, nimwambie. Nilikuwa nimesimama na beseni, macho chini. Anaclet aliijua hali yangu, akanipa ishara kwamba nimwachie yeye. Na ndiyo, nilitaka kumwachia. Nataka hili lijulikane. Anaclet angesema sentensi yake, mila ingesalimika, uchumba ungesalimika, na mkwe wangu angekuta mwenyewe bafuni siku ya tano. Nilisogea vitanda viwili mbali, nikajifanya nahesabu mashuka. Nikasikia Anaclet anasafisha koo. Akaanza: Docteur atatengeneza njia ya… na hapo nikaona mlango wa bafu, nikamwona Kalenga akitoka mle na nguo zake. Nilitupa mashuka, nikamshika Anaclet mkono wa koti. Akanigeukia kwa hasira. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba huyu nitamwambia mimi.

Lakini ningemwambiaje bila kumtazama, bila kutazamwa? Kwa watu wao, wakwe wakilazimika kusemezana, huweka kitu katikati, ukuta wa jiko, mkeka, mlango uliofungwa nusu. Nilitazama huku na huku, nikaliona pazia jeupe lenye miguu ya chuma lililosimama kwenye kona. Nikalisukuma mpaka kitandani kwake, nikalifungua katikati yetu, nikaketi upande wangu kwenye kigoda, nimefurahi na akili yangu. Kisha nikagundua kwamba pavilioni nzima imenyamaza. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alishuka chini kwa magoti akaanza rozari. Mwingine akavua kofia. Hapo ndipo nilipokumbuka lile pazia lilitumika kwa kazi gani: tulilisukuma kwa mtu anayekata roho, ili wengine wasione. Kutoka upande wa pili nikasikia sauti ya mzee, kavu, haina hasira.

“Donat, ni weye?”

“Ni miye, Tata.”

“Saa yangu imefika?”

Nilimwambia hapana, upesi upesi, maneno yakigongana. Pazia ni ya bukwe, nikasema, haiko ya kufa. Nikasikia matone kwenye chupa yake. Kisha akacheka, kicheko kifupi kama kikohozi, akamwambia yule wa rozari arudi kitandani, maana bado hajakufa, ni mkwe wake tu. Kicheko hicho ndicho kilichonipa nguvu, kwa sababu nilikuwa tayari kukimbia.

“Tata,” nikasema, “docteur anataka kukata mapumbu yako, yote mbili.”

Baada ya neno hilo sikuwa na la kupoteza, nikamweleza yote niliyoyasikia ukumbini kwa wazungu. Nilimweleza tezi iko wapi na inafanya nini, na kwamba hakuna dawa ya kuumaliza ugonjwa, nikiogopa hapo kuliko mahali pengine pote. Nilimweleza kisu, vidonge na matiti na miguu, na njia ya kungoja. Aliuliza kama mtu anayekagua injini. Maumivu yatapungua baada ya siku ngapi? Sauti itabadilika? Ndevu? Mke wangu atajua? Kila nilichokijua nilimjibu, na nisichokijua nikamwambia sijui, na jibu hilo la sijui lilinitoka mara nyingi. Akaniuliza kama ingekuwa baba yangu mwenyewe ningechagua nini. Nikasema sijui hilo pia. Kisha akaniambia niondoe pazia, linawatia watu hofu, nimwombee kwa daktari muda wa kufikiri, na mkewe akija niende nje ili aseme naye.

Ilibidi sasa nimkabili Bwana Mikono. Nilimfuata ofisini, kofia mkononi, nikasema kwamba mgonjwa anaomba siku tatu za kufikiri na anauliza habari za vidonge. Hakukasirika, na hilo lilinishtua zaidi. Alishangaa, kama mtu aliyesikia kiti kikizungumza. Aliniuliza ni nani aliyemwambia mzee yule kwamba kuna vidonge. Nilijua kazi yangu ingeweza kuisha pale pale, na bila kazi hakuna ndoa. Nikasema ni mimi. Alitazama viganja vyake kwa muda, akasema vidonge vilivyopo ni vya hospitali ile nyingine, anaweza kumwombea vya miezi michache, baada ya hapo hawezi kuahidi. Nimweleze hivyo. Siku tatu zile sikula vizuri. Niliwaza mzee akifa akiwa anafikiri, watasema nimemuua. Akikimbia, daktari atauliza mimi, kama Anaclet alivyosema. Mama Numbi alikuja kila alasiri na sufuria ya sombe, yaani kisamvu, iliyofungwa kwa kitambaa, wakanong'ona na mumewe mpaka kengele ilipolia, nami nilikaa nje kwenye ngazi nimewapa mgongo.

Siku ya tatu mzee aliniita. Safari hii hatukuweka pazia, nilisimama tu nimetazama dirisha.

“Miaka makumi tatu nilisimama ku guichet ya bazungu,” akasema, yaani kwenye dirisha dogo la kupokelea mshahara. “Sitasimama tena kila mwezi ju ya kuomba kinini, ile bidonge yabo. Bakate. Lakini bile bintu bisibakie kwabo. Utaleta kwetu, weye mwenyewe.”

Kisu kilikuwa kilekile kilichomkata Kalenga, na daktari alikuwa yuleyule. Lakini Tata Numbi alikataa machela, akatembea kwa miguu mpaka chumba cha upasuaji, ameshika chupa yake mkononi, na wagonjwa wa Kona ya Machupa walisimama akipita. Baada ya kazi, Bwana Mikono alikubali ombi bila kuuliza sababu. Nilivifunga kwa bandeji, nikavitia katika mkebe wa maziwa ya unga, nikaufunga na kamba nyuma ya baiskeli, mchana wa jua kali.

Safari hiyo ya nusu saa sijawahi kuisahau. Mutumbula wa hospitali, kwenye baiskeli, amebeba viungo vya mtu ndani ya mkebe. Uvumi wote ulikuwa sasa kweli, umefungwa kwa kamba nyuma yangu. Polisi mmoja akinisimamisha na kufungua, au mtoto mmoja akivuta kamba, nisingefika. Karibu na soko watoto waliniona, wakaanza kunifuata mbali mbali wakiimba lile neno, na wanaume wawili waliokuwa wakitengeneza gurudumu wakainua vichwa. Nilikanyaga pedali kwa nguvu. Nilipofika kwenye mfereji wa maji machafu, mahali pasipo na watu, nilishuka. Nikafungua kamba. Maji yalikuwa mengi, mkebe ungezama, ningemwambia mzee nimefikisha, na nani angejua? Nilisimama pale nikiwa nimeushika kwa mikono miwili. Kisha nikafikiri kwamba hilo lingekuwa sentensi nyingine ya Anaclet. Nikaufunga tena, vibaya, nikaendelea na safari.

Nyumbani kwao Mama Numbi alikuwa ameketi nyuma ya ukuta wa jiko, amenipa mgongo kama ilivyompasa mama mkwe. Niliweka mkebe chini, nikarudi nyuma hatua tano. Mkono wake ukatokea, ukaufunika kwa kitambaa, ukauvuta. Sikuambiwa ulizikwa wapi na sikuuliza. Karibu na mlango wa mbele palikuwa na furushi lililofungwa vizuri, nikadhani ni la mgeni anayesafiri. Marceline alitoka, akatazama jiko, akanitazama mimi kwa macho ambayo sikuyaelewa, akaliinua lile furushi akaliingiza ndani. Nikapanda baiskeli.

Maumivu ya mgongo yalimwacha mzee ndani ya wiki moja. Majirani waliambiwa alipasuliwa ngiri. Kwa kuwa nilikuwa nimevunja ukwe, mshenga alinipa hukumu yangu, kuku mweupe, nami nikampeleka siku ya Jumapili. Kuku alipikwa. Wakanikaribisha kuingia ndani, katika chumba chenye meza yenye kitambaa cha kufuma na picha ya Bikira Maria, na kwa mara ya kwanza nilikula mbele ya mkwe wangu, bukari, sombe na kuku niliyemleta mwenyewe. Firigisi, ambayo ni ya baba mwenye nyumba, aliikata katikati kwa kisu, akaweka nusu kwenye sahani yangu bila kusema kitu. Joto lilikuwa likimpanda mara kwa mara hata wakati wa baridi, jasho likimtoka, naye akijipepea na kofia alisema sasa anajua wanawake wanapata taabu gani. Zilikuwapo siku za kulia pia, nilimkuta mara moja nyuma ya nyumba, nikarudi nilikotoka. Aliishi miaka mitatu kasoro, akaniona naoa, akambeba mtoto wetu wa kwanza. Pavilioni nilibaki miaka mingine mingi, na kila mzee wa Kona ya Machupa aliyenijia alisikia njia zote tatu kabla ya kulala mezani. Wengine walikimbia kweli. Kalenga alihamia Kambove kwa mwanawe, akafa huko. Sikuwahi kwenda kumwomba msamaha, na sasa sina wa kumwomba.

Sasa neno la Bernadette. Alimaliza maharagwe, akapangusa mikono, akasema:

“Ya Donat, Baba aliyua mambo yote. Ule Kalenga balikuwa naye ku treni moja. Alikuya kwetu mbele Baba hayaingia hospitali, bakafunga mulango ya chumba ya bageni. Akamwambia yote ile mulimufanya.”

Alipotoka Kalenga, akaendelea kunieleza, baba yao alimwita Marceline. Akamwambia kwamba ana ugonjwa uleule na anakwenda kwenye mikono ya mchumba wake kwa makusudi, na kwamba akifichwa kama alivyofichwa Kalenga, zawadi zitarudishwa siku hiyohiyo na yule kijana hatamwona tena. Akamkataza asiniambie hata neno. Hata baada ya kusikia yote niliyomweleza nyuma ya pazia, mzee hakuridhika, alitaka kwanza kile kitu kifike nyumbani. Ndiyo maana Marceline alinyamaza kwenye ua. Bernadette alikuwa mdogo, lakini anakumbuka dada yake hakula wiki ile, na kwamba asubuhi ya siku ya mkebe alikunja vitenge viwili na blanketi, akavifunga, akaviweka mlangoni kwa mikono yake mwenyewe, akaketi kungoja.

Marceline alilala kando yangu miaka arobaini na saba. Tulizaa watoto watano, tukazika mmoja, tukagombana juu ya chumvi na juu ya siasa, na hakuniambia kamwe. Najua kwa nini, nadhani. Hakutaka nijue jinsi nilivyokaribia kumpoteza. Lakini sasa najua. Nikifumba macho nauona mfereji, mkebe mikononi, na hakuna mtu njiani. Halafu namsikia Anaclet akisafisha koo. Sentensi yake ina maneno sita. Nilipomshika mkono wa koti, alikuwa amekwisha kusema manne.